Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo la Kugandisha Maziwa Jikoni Mbele ya Wageni

Utangulizi

Katika kaya nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, mgeni wa kike apigaye hodi alasiri hakai peke yake kwa muda mrefu. Husalimiwa, "Mwadila, mayu," huulizwa habari za watoto na za shamba, kisha husogezewa kigoda karibu na mafiga. Mazungumzo huendelea na kazi ya jikoni huendelea. Huyu anachambua mboga, yule anatikisa kibuyu, na kabla jua halijazama mgeni huwa ameonja maziwa ya jana, ameyasifu, na pengine ameomba kiasi kidogo akaanzishie ya kwake.

Jiko la namna hiyo ni darasa. Mabinti wengi hawakujifunza kugandisha maziwa kutoka vitabuni. Walijifunza kwa kukaa, kutazama na kutumwa. Kwa sababu hiyo, jambo jema likifanyika katika jiko moja husambaa kijiji kizima, na kosa nalo husambaa kwa njia ile ile. Somo hili linahusu maziwa ya mgando, yaani mtindi wa nyumbani, pamoja na togwa kwa ufupi. Linajibu swali moja: mwenyeji afanyeje ili kile anachomkirimu mgeni wake kisimrudishe nyumbani na homa?

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

1. Kueleza kwa nini maziwa huganda, na kwa nini maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri yenyewe.
2. Kutaja magonjwa yanayoweza kubaki ndani ya maziwa mabichi hata yakishaganda.
3. Kugandisha maziwa kwa usalama, hatua kwa hatua, kwa vyombo vya kawaida vya nyumbani.
4. Kuomba na kutoa mbegu ya mtindi bila kuomba wala kutoa ugonjwa.

Maziwa huganda kwa nini?

Mwaka 1857 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba uchachu wa maziwa ni kazi ya viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Leo tunawaita bakteria wa asidi ya laktiki. Viumbe hao hula sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, na kuigeuza kuwa asidi. Maziwa mapya yana kipimo cha pH cha takriban 6.6 hadi 6.8. Asidi inapoongezeka kipimo hicho hushuka, na kikifika karibu na 4.6 protini ya maziwa iitwayo kaseini hushikana. Hapo ndipo maziwa huwa mazito na kukatika kwa kijiko.

Uchachu huo una faida tatu. Kwanza, bakteria wengi waharibifu hawastawi katika asidi, hivyo mtindi hudumu kuliko maziwa mapya. Pili, sehemu ya laktosi huwa imekwisha kuliwa na bakteria; ndiyo maana mtu mzima ambaye maziwa mapya humjaza tumbo gesi anaweza kunywa mtindi bila taabu. Tatu, mtindi huongeza protini na madini ya chokaa katika mlo wa ugali, viazi au michembe.

Hapa tuwatendee haki wazee wetu. Wengi wao husema: "Maziwa ukiyachemsha yamekufa; hayagandi, yanaoza." Waliona sawasawa. Ndani ya maziwa mabichi wamo bakteria wagandishaji waliotoka hewani, kwenye chombo na kwenye chuchu za ng'ombe. Moto huwaua pamoja na wale wa maradhi. Maziwa yaliyochemshwa yakiachwa hivi hivi hayana tena wa kuyagandisha. Hubaki wazi kwa viumbe wengine wanaoingia baadaye, nao huyaharibu, yakawa machungu na yenye harufu mbaya. Kosa la hoja hiyo si katika kile kilichoonekana bali katika suluhisho lake. Dawa ya maziwa yaliyokufa si kuyaacha mabichi. Ni kuyachemsha, kuyapoza, kisha kuwarudishia wagandishaji wema kwa kutia mbegu ya mtindi iliyo salama.

Hatari isiyoonekana wala kunuka

Imani iliyoenea ni kwamba uchachu "huua kila kitu". Sivyo. Bakteria wa bruselosi, ugonjwa unaosababisha ng'ombe na mbuzi kutupa mimba, wanaweza kubaki hai kwa siku kadhaa katika maziwa yaliyoganda. Bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe nao hustahimili uchachu. Maziwa yenye viumbe hao hayabadiliki rangi, ladha wala harufu. Mwenyeji anaweza kumpa mgeni kikombe kizuri, kizito na cheupe, akiwa na nia njema kabisa, na bado akampa maradhi.

Historia ya kisiwa cha Malta inatufundisha. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimtambua kiumbe aliyekuwa akiwasumbua askari kwa homa isiyokoma. Mwaka 1905 daktari Mmalta, Themistocles Zammit, aligundua kwamba mbuzi wa kisiwa hicho walikuwa wamebeba kiumbe huyo bila kuonekana wagonjwa. Askari walipozuiwa kunywa maziwa mabichi ya mbuzi mwaka 1906, idadi ya wagonjwa miongoni mwao ilishuka sana. Dawa haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kikombe.

Kwa binadamu, bruselosi huleta homa inayopanda na kushuka, jasho jingi hasa usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu wa muda mrefu. Kwa mwanaume inaweza kuvimbisha korodani. Kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba. Kwa kuwa dalili hizo zinafanana na za malaria na homa ya matumbo, mgonjwa anaweza kutibiwa ugonjwa asio nao mara mbili, mara tatu. Watafiti waliochunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 walikuta kwamba 528 walidhaniwa kuwa na malaria, lakini vipimo makini vilithibitisha malaria kwa 14 tu. Bruselosi ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyokuwa yamejificha nyuma ya neno "malaria". Moshi si Bariadi, na Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi zaidi. Hata hivyo funzo ni lile lile: homa isiyokwisha kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi au anayezalisha mifugo inahitaji kipimo kingine. Matibabu ya bruselosi hutumia dawa zaidi ya moja kwa wiki zisizopungua sita, nayo hutolewa kituo cha afya, si kwa kununua vidonge vya siku tatu dukani.

Maandalizi ya jiko lenye wageni

Mgeni huleta baraka, na huleta pia mikono. Anayesaidia kukoroga ametoka safarini, amemshika mtoto, amesalimiana na watu kumi. Kumzuia kusaidia kungekuwa kumfukuza. Kumkaribisha kunawa ni heshima. Weka kibuyu chirizi na sabuni mlangoni mwa jiko, kisha mwenyeji awe wa kwanza kunawa mbele ya wote. Akinawa yeye, hakuna atakayejiona ametuhumiwa.

Mtu anayeharisha au kutapika, au mwenye kidonda mkononi, asishike maziwa. Apewe kazi nyingine isiyogusa chakula: kumtuliza mtoto, kuongeza kuni. Kila anayeonja apewe kijiko chake, na kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi chunguni.

Vyombo vina somo lao. Chagua sufuria ya chuma kisichoshika kutu, chombo cha kioo, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Simiyu ni mkoa wa pamba, na madumu ya viuatilifu hupatikana kwa urahisi; dumu lililowahi kubeba sumu lisitumike kwa maziwa hata likioshwa mara saba. Ndoo ya bati nayo haifai, kwa kuwa asidi ya mtindi huyeyusha madini ya zinki yaliyopakwa juu yake na yanaweza kumtapisha mnywaji.

Na kibuyu je? Kibuyu ni urithi, na hatusemi kitupwe. Lakini ukuta wake una vinyweleo vinavyoficha mabaki ya zamani, nayo hayatoki kwa kusuuza tu. Katika nchi jirani ya Kenya, Wakalenjin hutengeneza maziwa yaitwayo mursik katika vibuyu vilivyopakwa mkaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta katika baadhi ya sampuli za mursik kiasi kikubwa cha alkoholi na asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio. Haijathibitishwa kwamba mursik ndiyo chanzo cha saratani hiyo, ila tunajifunza kwamba uchachushaji usiosimamiwa hukaribisha viumbe tusiowaalika. Anayependa kibuyu agandishe maziwa katika chombo kinachooshwa kwa maji ya moto, kisha ayahamishie kibuyuni wakati wa kuandaa meza, akiwa amekiosha na kukianika juani kikauke kabisa.

Hatua za kugandisha maziwa

Vipimo vifuatavyo ni vya lita 1. Vizidishe kulingana na idadi ya wageni.

1. Chuja maziwa kwa kitambaa safi kilichochemshwa.

2. Chemsha hadi maziwa yapande, kisha punguza moto na uendelee kwa dakika chache huku ukikoroga yasishike chini. Hii ndiyo hatua isiyo na mbadala.

3. Funika, kisha weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Usiongeze maji wala maziwa mabichi ili kupoza. Tone moja bichi hurudisha ulichokifukuza.

4. Pima uvuguvugu kwa kudondosha tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kwa kijiko safi. Lisichome. Maziwa ya moto mno huua mbegu, na ya baridi mno huichelewesha.

5. Tia vijiko 2 hadi 3 vya chakula vya mtindi salama. Koroga taratibu.

6. Funika na uache mahali pasipo vumbi kwa saa 12 hadi 24. Kwa joto la kawaida la Bariadi, maziwa yaliyotiwa mbegu jioni huwa tayari kesho yake. Usiyatikise kabla hayajashikana.

7. Yakishaganda yahifadhi mahali pa baridi. Pasipo na jokofu, chungu kilichowekwa ndani ya mchanga mbichi kivulini husaidia. Yamalizwe ndani ya siku mbili au tatu.

Kabla ya kumega, toa vijiko vichache kwa kijiko safi uviweke kando viwe mbegu ya kesho. Fanya hivyo kabla wageni hawajaanza kuonja, si baada yao.

Maziwa yakikataa kuganda, usikimbilie kulaumu mkono wa mtu wala jicho la mgeni. Jiulize maswali matatu. Je, mbegu ilikuwa nzee? Je, maziwa yalikuwa ya moto mno? Je, ng'ombe amechomwa sindano ya antibiotiki siku za karibuni? Dawa hiyo hutoka na maziwa na kuwaua bakteria wagandishaji. Maziwa ya namna hiyo hayafai kunywewa na mtu hadi zipite siku zilizoelekezwa na daktari wa mifugo.

Maziwa yenye ukungu, madoa ya waridi au njano, mapovu mengi, utelezi au harufu ya uozo yamwagwe yote. Kuengua ukungu wa juu hakusafishi kilicho chini.

Mbegu ya jirani

Sasa tufike penye kiini cha somo. Mama mmoja anachemsha maziwa yake kwa uangalifu. Jirani amekuja kumtembelea na amemletea, kwa upendo, kikombe cha mtindi wa kwake awe na mbegu. Mtindi huo umetokana na maziwa mabichi. Mwenyeji akitia vijiko vitatu vya mtindi huo katika maziwa aliyoyachemsha, amefungua mlango wa nyuma baada ya kufunga wa mbele. Kazi yote ya moto imepotea, na ugonjwa uliokuwa katika zizi la jirani unaweza kuwa umehamia katika chombo chake. Kesho naye akimgawia shangazi, na shangazi akamgawia mkwe, mbegu hiyo itakuwa imetembea kaya nne bila ng'ombe hata mmoja kuhama.

Je, aikatae zawadi? Hapana. Aipokee kwa mikono miwili na kushukuru, "Wabeja, mayu." Kisha aseme ukweli kwa upole: kwamba siku hizi nyumbani kwake mbegu hutoka katika maziwa yaliyochemshwa, na kwamba angependa kumgawia naye. Zawadi hujibiwa kwa zawadi. Mtindi uliopokelewa usitumike kuwa mbegu wala usinywewe ukiwa mbichi. Unaweza kuchemshwa na kutumika katika mapishi, hata ukikatika.

Mbegu ya kwanza ipatikane wapi? Nunua mtindi wa kiwandani uliotengenezwa kwa maziwa yaliyopashwa moto, usio na sukari wala matunda, ambao muda wake haujapita. Kikopo kimoja huanzisha ukoo mzima wa mtindi nyumbani. Baada ya wiki chache, au ladha ikianza kubadilika, anza upya kwa kikopo kingine, kwa kuwa kila mzunguko huongeza wageni wasioonekana.

Togwa kwa watoto wa wageni

Wageni huja na watoto, na wengi wao hupewa togwa. Uji wa mahindi, mtama au ulezi hupikwa, hupozwa hadi uvuguvugu, hutiwa unga wa kimea na togwa kidogo ya zamani, kisha huachwa usiku kucha. Kimea huulainisha uji mzito, hivyo mtoto hupata unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na wenzao wa Sweden walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba watoto waliopewa uji uliochachushwa walipata kuhara mara chache kuliko wenzao waliopewa uji wa kawaida.

Lakini yapo masharti. Kimea hutiwa baada ya kupika, nacho si kisafi. Togwa isinywewe kabla haijachachuka vyema. Kwa mtoto mdogo ni salama zaidi kuichemsha tena baada ya kuchachuka, ipoe, ndipo anyweshwe. Tumia kimea cha ulezi kuliko cha mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama hubeba kemikali inayotoa sianidi. Nafaka yenye ukungu isiwe kimea wala unga: sumukuvu haiondolewi kwa uhakika na uchachu wala moto, na mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Togwa iliyokaa hadi kuanza kulevya si ya mtoto tena. Na mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji togwa wala mtindi. Maziwa ya mama yanamtosha.

Maswali ya kujipima

1. Mgeni anasema, "Maziwa yaliyochemshwa hayagandi." Utamjibu nini bila kumvunjia heshima?
2. Umechemsha maziwa lakini umetumia mbegu iliyotokana na maziwa mabichi. Je, mtindi wako ni salama? Eleza.
3. Kaka yako ana homa kwa wiki tatu, jasho la usiku na maumivu ya mgongo. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Umwambie amweleze mhudumu wa afya jambo gani kuhusu chakula na kazi yake?
4. Taja vyombo viwili vilivyomo nyumbani kwako visivyofaa kugandishia maziwa, na sababu zake.

Hitimisho

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni akija chakula kizuri hutoka, na mwenyeji naye hushiba. Katika jiko la Bariadi msemo huo unaweza kutimia kwa maana nyingine. Mwenyeji anapochemsha maziwa kwa sababu ya mgeni, watoto wake mwenyewe ndio wanaoyanywa kesho. Anaponawa mikono mbele ya wageni, binti yake aliyeketi pembeni ndiye anayejifunza. Na anapomfungia mgeni vijiko vitatu vya mbegu salama katika kikopo kisafi, anamwambia na namna ya kuitumia: chemsha, poza, ndipo utie.